Ulezi wa kisheria wa mtoto bila wakili: jua kwanza unaomba amri gani

Neno "mlezi" limebebeshwa mengi katika Kiswahili chetu. Mwanasiasa huitwa mlezi wa chama, shangazi aliyekulea ni mlezi wako, na huku Pwani mtu akisikia habari za msimamizi wa binti huenda akili yake ikamwendea walii wa ndoa. Sheria ya Kenya haichukui maana zote hizo. Kwa sheria, mlezi ni mtu aliyeteuliwa ama na mzazi, kwa wosia au kwa hati maalumu, ama na mahakama, kwa amri, ili achukue wajibu wa mzazi juu ya mtoto ambaye mzazi wake amefariki au hayupo wa kuutekeleza. Bibi aliyewasomesha na kuwauguza wajukuu kwa miaka saba ni mlezi mbele ya majirani wote, lakini siku atakapoulizwa hati na afisa wa pasipoti hana cha kuonyesha. Pengo hilo ndilo linalowapeleka watu mahakamani, na wengi huenda peke yao kwa kuwa pesa za wakili hazipo.

Kwenda peke yako ni halali. Hakuna anayelazimishwa kuwa na wakili ndipo asikizwe katika Mahakama ya Watoto, na mahakimu wa mahakama hizo wamezoea kusikiliza watu wanaojisimamia. Ninavyoona mimi, maombi ya watu hawa hukwama mapema kuliko wanavyodhani, pale mwombaji anapoomba amri ambayo, hata akipewa, haitatatua shida iliyomtoa nyumbani.

Tuchukue mfano wa kubuni, maana wenye hali ya namna hii ni wengi. Bibi mmoja wa Likoni amefiwa na binti yake na kuachiwa wajukuu wawili, msichana wa miaka 13 na mvulana wa miaka 9. Baba yao hakuwahi kumwoa marehemu, na simu yake haipatikani tangu mwaka juzi. Marehemu aliacha akiba kidogo benki na ploti yenye vyumba viwili vya kupangisha. Shule inataka sahihi ya mzazi au mlezi kwenye fomu ya basari; mvulana anahitaji pasipoti kwa sababu timu yake imealikwa kwenye mashindano nje ya nchi; benki nayo imemrudisha bibi mara mbili. Kila anayemshauri humwambia akatafute "karatasi ya ulezi", kana kwamba karatasi moja itafungua milango yote mitatu.

Mlango wa benki hautafunguka. Pesa na ploti ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu huguswa na msimamizi wa mirathi peke yake, yaani mtu aliyepewa hati ya usimamizi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kumlea mrithi hakumpi mtu mamlaka hayo, hata kama ulezi wenyewe umethibitishwa na mahakama. Zaidi ya hapo, kwa kuwa warithi ni watoto na mali itabidi kushikwa kwa niaba yao hadi watimize miaka 18, sheria hiyo kwa kawaida hudai wasimamizi wasiopungua wawili. Kwa hiyo bibi atahitaji mtu wa pili, labda mwanawe mwingine, na barua ya chifu inayowataja warithi wote wa marehemu. Iwapo marehemu alikuwa Mwislamu, mirathi yaweza kusikizwa na Kadhi, ambaye Katiba imempa mamlaka juu ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Mirathi ni jalada jingine, lenye namba yake na ada yake. Anayeichanganya na ombi la ulezi huishia kupoteza miezi katika yote mawili.

Fomu ya basari na pasipoti ni habari tofauti. Hapo ndipo amri ya ulezi inapofaa, kwa sababu kinachotakiwa ni mtu mwenye mamlaka ya kuamua juu ya mtoto mwenyewe: kutia sahihi, kuridhia matibabu, kumruhusu kusafiri. Kwa maneno mengine, kuna ulezi wa mtoto na kuna ulezi wa mali ya mtoto. Mahakama inaweza kutoa mmoja au yote mawili, lakini lazima useme wazi katika ombi lako unataka upi. Ulezi wa mali huhusu kile ambacho tayari ni cha mtoto, kwa mfano fidia aliyolipwa baada ya ajali, au sehemu yake ya urithi mirathi inapokwisha kugawanywa. Asiye na mali ya mtoto mkononi hana sababu ya kuuomba, kwani huja na wajibu wa hesabu ambao nitaueleza baadaye.

Sasa kuhusu baba, ambaye katika mfano wetu kila mtu amekwisha kumfuta. Sheria haijamfuta. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa mtoto ana haki ya kutunzwa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo na kuiondoa ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huohuo. Mzazi mmoja akifariki, aliyebaki ndiye mlezi, peke yake au pamoja na mtu ambaye marehemu alimteua. Mahakama humteua mtu mwingine hasa pale ambapo wazazi wote wawili wamefariki au hawapatikani, na mtoto hana mlezi wala mtu mwingine mwenye wajibu wa mzazi juu yake. Bibi hawezi basi kuandika kwamba watoto ni mayatima akanyamaza. Atamtaja baba, ataeleza alimwona lini mara ya mwisho, na ataonyesha alivyomtafuta. Hakimu akija kugundua mwenyewe kwamba yuko mzazi aliyefichwa, ombi zima hutiwa shaka, na hata yale ambayo bibi alisema kweli hayaaminiki tena.

Hali hubadilika kabisa ikiwa mzazi yu hai na anapatikana. Mama anayefanya kazi Saudi Arabia au Qatar, anayempigia mwanawe simu kila Ijumaa na kutuma karo, bado ana wajibu wake wote, na dada yake aliyebaki na mtoto Mombasa hana haja ya kukimbilia amri ya ulezi. Kinachomfaa zaidi ni idhini ya maandishi kutoka kwa mama huyo, iliyoapwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, ikitaja mtoto, anayemtunza na mambo anayoruhusiwa kuyafanya. Wazazi wawili wanaogombana juu ya nani akae na mtoto nao hawahitaji ulezi. Wao wanaomba amri ya kukaa na mtoto, pamoja na ya matunzo ikibidi. Anayetaka mtoto awe wake moja kwa moja, abebe jina lake na kumrithi, anazungumzia kuasili, ambako hukata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa na ambako kuna masharti mazito zaidi. Waislamu wasiotaka nasaba ya mtoto ibadilike wana njia ya kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kama wako huku akibaki na nasaba yake, ambayo Sheria ya 2022 imeitambua kwa jina. Ulezi hauvunji nasaba wala hauleti urithi. Ni jukumu la muda, na kwa kawaida hukoma mtoto anapofikisha miaka 18.

Iko pia njia ambayo ingewapunguzia wengi taabu kama ingetumiwa mapema. Mzazi aliye hai anaweza kumteua mlezi atakayechukua nafasi yake akifa, kwa wosia au kwa hati yenye tarehe na sahihi yake mbele ya mashahidi wawili. Ukurasa mmoja watosha. Watu huogopa kuuandika kwa kudhani wanajiitia kifo, kisha familia hubaki kubishana kwenye matanga juu ya nani alisikia marehemu akisema nini.

Tukirudi kwa bibi wetu, tuseme ameamua kuomba ulezi wa wajukuu wote wawili. Kazi ya kwanza ni kukusanya hati, na hapa makosa ni yaleyale siku zote. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti hutolewa na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Kadi ya kliniki si cheti cha kuzaliwa, na mtoto ambaye hakusajiliwa huanzia kwenye usajili wa kuchelewa. Majina yasipolingana, marehemu akiwa na jina moja kwenye kitambulisho na jingine kwenye cheti cha mtoto, tofauti hiyo ielezwe kwa kiapo tangu mwanzo badala ya kungojea iulizwe. Barua ya chifu husaidia, hasa ikieleza kuwa watoto wanaishi na bibi na tangu lini. Barua inayosema tu kwamba "anajulikana na ofisi hii" haina uzito. Barua ya shule inayoonyesha nani huhudhuria mikutano ya wazazi, pamoja na rekodi za hospitali na risiti za karo, mara nyingi huwa na nguvu kuliko sifa za mzee wa mtaa.

Moyo wa ombi ni hati ya kiapo. Huandikwa kwa nafsi ya kwanza, kwa aya zenye namba, na hubeba mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe. Wengi huijaza maneno matamu: "Ninawapenda wajukuu wangu na nina uwezo wa kuwalea." Hakimu hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo, kwa kuwa kila anayekuja mbele yake husema hivyo. Linganisha na hii: "Tangu mwezi wa Machi 2019 watoto wote wawili wanalala katika nyumba yangu ya vyumba vitatu, mkubwa yuko darasa la saba na mdogo darasa la tatu, mdogo ana pumu, nami humpeleka kliniki kila mwezi, karo nailipa kutokana na biashara yangu ya samaki." Kila kipande hapo kinaweza kuthibitishwa, na kila kimoja kinajibu swali ambalo mahakama inalazimishwa na Katiba kulitanguliza: maslahi bora ya mtoto. Kama mwombaji ana udhaifu, tuseme umri wake ni miaka 71 na anaugua kisukari, aueleze mwenyewe na aseme nani atamsaidia. Jambo likitoka kinywani mwa mwombaji halina sumu kama likitoka kwa shemeji anayepinga.

Nitoe tahadhari kuhusu saiba, yaani vibanda vya intaneti na uchapaji. Vijana wa saiba huchapa haraka na kwa bei nafuu, lakini wengi hufungua kiapo cha mteja wa jana na kubadilisha majina, na si ajabu ukakuta katika aya ya sita mtoto wa kike amekuwa wa kiume au bibi wa Likoni amekuwa mkazi wa Nakuru. Soma kila mstari kabla ya kuapa, kwa sababu baada ya kuapa maneno hayo ni yako. Maandishi ya mahakama za Kenya kwa mazoea huwa ya Kiingereza. Asiyekijua, au asiyejua kusoma, ahakikishe kuwa mwisho wa hati pameandikwa kwamba alisomewa na kufafanuliwa yaliyomo kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Kiapo hufanywa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye pia hupiga mhuri kwenye viambatisho vyote. Vyeti vilivyoambatishwa bila mhuri ni kasoro ya kawaida inayomrudisha mtu masijala siku nzima.

Uwasilishaji hufanywa kupitia mfumo wa Mahakama wa kufungua kesi mtandaoni, ambao mnamo Machi 2024 ulienezwa katika mahakama zote nchini. Ada hukadiriwa na kulipwa kwa simu. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba aruhusiwe kuendelea kama maskini bila kulipa, na ombi hilo lenyewe hutaka maelezo ya kipato. Kujisimamia, kwa njia, hakumaanishi kukosa msaada wowote. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wamekuwa wakiwasaidia kwa miaka mingi watu wasio na uwezo wa kuweka wakili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa kwa ajili hiyo. Mtu wa namna hii akiisoma hati yako kwa nusu saa kabla hujaapa, amekusaidia zaidi ya atakayekuja kukusindikiza siku ya hukumu.

Baada ya kufungua, wahusika lazima wapelekewe hati, na mhusika wa kwanza ni baba. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai, baada ya kurekebishwa mwaka 2020, zinaruhusu hati kutumwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe kwenye namba ambayo mtu anajulikana kuitumia. Namba ikiwa imekufa, kama katika mfano wetu, mwombaji huomba ruhusa ya kutumia njia mbadala, kwa mfano tangazo gazetini, na ruhusa hiyo hutolewa kwa anayeonyesha juhudi: alikwenda kwa wazazi wa baba tarehe fulani, akazungumza na nani, akajibiwa nini. Kila hatua ya kupeleka hati huthibitishwa kwa kiapo kingine. Ndugu wengine wa karibu nao ni busara kuwaarifu hata pale ambapo hakuna aliyekuagiza, kwa sababu mjomba aliyesikia habari sokoni huja mahakamani akiwa na hasira kuliko aliyeambiwa nyumbani.

Kwa kawaida mahakama haitoi uamuzi kabla ya kupata ripoti ya afisa wa watoto wa Idara ya Huduma za Watoto. Afisa huyu hufika nyumbani. Humwuliza bibi anayoyauliza, lakini macho yake yako kwingine: kitanda cha mtoto kiko wapi, chandarua kipo, daftari za shule ziko mahali gani, na mtoto anapoitwa huja vipi. Huzungumza na watoto peke yao, na hapo ndipo watu wengi hufanya kosa la kuwakaririsha. Msichana wa miaka 13 aliyefundishwa la kusema hutambulika kabla hajamaliza sentensi ya pili. Hakuna haja ya kuazima makochi wala kupaka rangi ukuta. Umaskini peke yake haumwondolei mtu sifa ya kulea, na afisa mwenye uzoefu hutilia shaka nyumba iliyopambwa jana. Kama ripoti inachelewa, na huchelewa kwa kuwa maafisa ni wachache na mafaili ni mengi, mwombaji anayejisimamia ana haki ya kwenda ofisini kwa upole kuuliza akiwa na namba ya kesi mkononi.

Kusikizwa kwenyewe mara nyingi ni kufupi kuliko hofu iliyotangulia. Kwanza kesi hutajwa, wakati mwingine kwa njia ya video, na hakimu hutoa maelekezo. Siku ya kusikizwa mwombaji huapa na kueleza kwa mdomo yale aliyoyaandika, na hapo anaweza kusema Kiswahili, lugha inayoruhusiwa katika mahakama za mahakimu. Mtoto naye husikizwa kulingana na umri na upeo wake, na mahakama ikiona haja inaweza kuagiza awe na wakili wake mwenyewe. Swali ambalo bibi anapaswa kujiandaa nalo kuliko yote ni lile la baba akirudi je. Jibu la kusema hatakanyaga mlango wake humharibia. Amri ya ulezi inaweza kubadilishwa au kufutwa, na mahakama hupenda kuona kwamba mlezi hatautumia uamuzi wake kama silaha ya kumtenga mtoto na damu yake.

Hakimu akikubali, yaliyosomwa mahakamani bado hayatoshi kupelekwa Uhamiaji, kunakotolewa pasipoti. Uamuzi huandikwa kuwa amri rasmi, hutiwa sahihi na mhuri wa mahakama, na jukumu la kufuatilia hatua hiyo masijala ni la mwombaji asiye na wakili. Hapo ndipo aombe nakala kadhaa zilizothibitishwa, kwa kuwa shule itataka moja, Uhamiaji moja, hospitali pengine moja, na kila ofisi hupenda kubaki nayo. Aangalie pia, kabla ya kuondoka dirishani, kwamba majina ya watoto kwenye amri ni yaleyale yaliyo kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa, herufi kwa herufi.

Na siku mirathi itakapokamilika, ikiwa bibi ataomba pia ulezi wa mali, daftari la hesabu linaanza siku hiyohiyo. Kodi ya vyumba viwili iingie katika akaunti iliyotengwa kwa ajili ya watoto, pasiwe na shilingi inayopitia kwenye mtaji wa samaki hata kwa mkopo wa wiki moja. Matengenezo ya paa yawe na risiti, na ploti isiuzwe bila ruhusa ya mahakama. Mlezi wa mali anaweza kutakiwa wakati wowote kuleta hesabu, na aliyeitumia vibaya mali ya mtoto anaweza kushtakiwa. Mjukuu mkubwa atafikisha miaka 18 baada ya miaka mitano tu, na ndiye atakayekuwa wa kwanza kulifungua daftari hilo.